Mama Furaha Hakugusa Mkono

Arua, Jumanne, 1974

Na mimi wiki nzima nakanda kiganja kwa maji ya chumvi! Vidole vimekufa ganzi, mkasi unaniponyoka, nikadhani ushonaji basi tena.

Leo Mama Furaha, Mkongo anayeuza samaki wakavu kando ya cherehani yangu, hakugusa hata kidole. Alinibonyeza chini ya mtulinga, karibu na bega. Maumivu yakashuka mpaka kwenye gumba, nikapiga kelele.

"Mukono haiko na ugonjwa, fundi. Ugonjwa iko kwa bega. Kila jioni unabeba cherehani bega moja tu."

Kweli, mpaka nyumbani Pajulu, miaka sita. Mama huyu ana macho!

Jioni ganzi imepungua, nimetunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Napima mabega ya mji mzima kwa futi; langu limepimwa na muuza samaki, kwa kidole gumba.