Mwani Kwenye Matuta ya Musonoi

Jumanne, 15 Julai 2025

Nimerudi kutoka redioni, koo limekwaruzika. Saa nzima nikibishana na kijana wa mawasiliano wa kiwanda cha shaba. Anasema wanagawa mbolea bure kwa wanawake wa mtaa wetu wa Musonoi, tunataka nini tena? Nikamwambia: anayepokea gunia lenu anatabasamu mbele ya kamera, kisha vumbi lenu linashuka juu ya mboga zake na hawezi tena kufungua mdomo! Akanipa pole ya kikohozi. Pole! Nina miaka hamsini na mbili na bado nabishana na watoto waliovaa shati la kampuni.

Nyumbani alikuwa ananingojea Blandine, mdogo wangu, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa. Yeye na wenzake wanalima mboga kando ya kijito, chini ya ukuta wa kiwanda. Maji yamebadilika rangi, mboga zinadumaa. Wamelalamika, na tume ya uchunguzi inakuja tarehe 22 Agosti kuchukua udongo. Ikionekana kiwanda ndicho kilichouharibu, wanawake watapewa shamba lingine. Isipoonekana, uzio wa kiwanda utapita hapo na wao wataondoka mikono mitupu.

"Yaya, tume ni ya mwezi wa munane," anasema. "Batoto banakula leo."

Nimewakataza mbolea ya kiwanda. Sasa niwape nini? Hotuba haimwagwi kwenye mizizi.

Alhamisi, 17 Julai

Mwani! Nimesoma hadi macho yanauma. Watu wa pwani nyingi wamelisha mashamba kwa mwani tangu zamani. Hata maji ya bahari yenyewe, yakizimuliwa sana, huurudishia udongo vitu vidogovidogo ambavyo mvua imeviosha.

Mukuna, jirani, dereva wa lori, anashusha shaba Dar es Salaam na kurudi na nafasi. Nimempigia, yuko huko huko. Alicheka sana. "Mama Gode, nilishaka pakiya nguruwe, nilishaka pakiya maiti. Majani ya bahari, bado!"

Ataleta.

Ijumaa, 1 Agosti

Amefika. Magunia matatu, na harufu imemtangulia tangu kona ya barabara. Wanawake wamezunguka, wameziba pua. Mmoja anauliza: "Mama Gode, ii tunamwanga ao tunakula na bukari?" Eti mwani uwe kitoweo cha ugali! Wakacheka hadi wakakaa chini.

Nikawaeleza: osheni chumvi kwanza, kateni, lowekeni ndani ya pipa, kisha zimueni kwa maji mengi. Jioni redioni nilipaa zaidi. "Bahari haina tone la kupoteza!" Nilijipenda kidogo, nakiri.

Kesho naenda Lubumbashi kwenye mjadala. Kuosha atasimamia Ngoy, mume wa Blandine. Amefanya kazi miaka mingi kwenye laveri, pale wanapooshea madini ya wachimbaji. Nani anajua kuosha kuliko yeye?

Jumapili, 10 Agosti

Lubumbashi: hoteli, maji ya chupa, maazimio. Nimechoka na maazimio.

Baada ya misa nimeshuka shambani. Matuta matatu ya Blandine, yale bora kabisa — lengalenga, mchicha wetu, imeungua kingo, nyingine imelala chini. Juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Nikaramba kidole. Chumvi!

Ngoy alinieleza, kwanza kwa fahari, kisha sauti ikashuka. Laveri hawamwagi maji. Unaosha gunia la kwanza, la pili, la tatu ndani ya beseni lile lile. Maji yanazidi kuwa mazito, na kile kinachobaki chini ndicho mali yenyewe. Basi naye akafanya hivyo. Mwani akautia kwenye pipa, ukiwa safi. Maji ya kuoshea, pamoja na ule uchafu mzito wa chini, hakumpa mtu mwingine. Alimpa mke wake, kwa matuta yake mazuri. Zawadi!

"Shemeji, weye njo ulisema mu radio," akaniambia. "Hata tone moja tusipoteze. Mi nilisikia, nikafanya."

Nilisema "osheni". Sikusema "mwageni". Nikampigia kelele hata hivyo.

"Yaya, acha," akasema Blandine. "Hapa haiko ku radio."

Jumatano, 20 Agosti

Tangu siku ile tunamwagilia maji safi ya kisima, ndoo kwa ndoo. Mgongo wangu haunyooki. Ukoko umepungua, lengalenga haijafufuka.

Na matuta mengine? Wenzake walimwagilia maji ya pipa, yamezimuliwa vizuri. Yana kijani ambacho hapo sijakiona miaka mingi. Ningepaswa kucheza. Lakini tume itaona nini keshokutwa? Yaliyokufa yamekufa kwa chumvi yetu. Yaliyo hai yanaonyesha udongo mzima, yanakitetea kiwanda!

Ngoy anataka kufukua yale matatu na kuleta udongo mwingine, tume isione chumvi. Nimekataa. Blandine alingoja mumewe aondoke.

"Yaya, kila siku unasema bakubwa baseme kweli. Shiye hatuko bakubwa. Nyamaza tu siku moja."

Nikachukua ndoo, nikakimbilia kisimani. Mimi!

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika hapa hapa shambani, juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Tume wamefika asubuhi, na yule kijana wa mawasiliano pamoja nao. Dada wa maabara amechukua udongo kando ya kijito. Huko hatujaweka chochote, na maji yana rangi ya chai. Vizuri. Nikaanza kupumua.

Kisha kijana akaonyesha matuta ya Blandine. "Na hapa? Hapa njo kulikufa zaidi."

"Maji yenu njo ilipita hapa," Blandine akasema haraka mno.

"Maji yetu, ao bahari ya Mama Gode?" Anatabasamu. Kumbe ananisikilizaga.

Dada wa maabara akanigeukia mimi, kwa heshima: mama, mliweka kitu hapa? Nikamwambia angoje nitafute miwani. Miwani iko usoni. Akaona, akaenda garini kuchukua mifuko mingine.

Blandine anapalilia mahali pasipo na magugu. Ngoy amevua kofia kama yuko msibani. Wanawake wamesogea karibu, majembe mkononi.

Kijito kimeharibiwa na kiwanda. Matuta matatu tumeyaharibu sisi. Yote mawili ni kweli. Lakini nikianza na chumvi, nani atasikiliza habari za kijito? Na nikianza na kijito, chumvi itabaki palepale, inangoja mifuko ya dada wa maabara.

Mlango wa gari umefungwa. Dada anakuja. Kijana ameinua simu, anarekodi. Blandine amenyoosha mgongo, ananitikisia kichwa: hapana, yaya, hapana. Nasimama, daftari mkononi. Dada amefika, anauliza tena, na mimi —