Shikamoo ya Eliakim

Jumatatu, 8 Februari 2016
Baridi ya kukata masikio. Nafika maabara, mota inazunguka. Si ajabu — wanafunzi wa Mbeya huiendesha kwa intaneti, mimi huku Saint Paul, Marekani, nakaza nati tu. Ajabu ni jina kwenye skrini: Eliakim. Tulimzika Desemba! Yaani walimzika wao, mimi nilituma rambirambi. Ajali ya pikipiki.

Alipomaliza, kamera wanayoiongoza kutoka huko iligeuka hadi mezani kwangu, ikainama, ikainuka. Shikamoo yake ile ile. Aliibuni mwenyewe, wenzake wakimaliza huondoka bila hata kwaheri. Chai ilinipoa mkononi.

Jumanne, 9 Februari
Nimempigia Ernestina, kiongozi wa darasa lao. Nywila ya marehemu hakuna anayeijua, laptop ilisagika naye barabarani. Nikamsimulia ile shikamoo. Halafu: "Madam, uliitikia?"

Sikuitikia. Kwetu ukiitwa na usiyemwona, huitiki; ukiitika, anakuchukua. Lakini kuacha shikamoo ya mtoto wa watu ikining'inia hewani — nako sikulelewa hivyo.

Jumatano ya Majivu, 10 Februari
Nimeingia kazini na jivu usoni. Bosi anasema ni mwizi wa nywila tu. Nifunge akaunti ya Eliakim kufikia Ijumaa mchana, la sivyo Mbeya nzima inakatwa. Darasa zima! Wabaki na simuleta. Eliakim aliidharau: mota ya kwenye kompyuta haiungui, Madam, sasa nitaogopa nini?

Vedasto anasema nisali kwanza, ndipo nifunge. Rahisi kusema, mume wangu. Sikuwahi hata kuuona uso wa kijana huyu, na leo nimemlilia chooni.

Alhamisi, 11 Februari
Hakuja. Nilimwogopa kutwa, na kutwa nilimsubiri.

Ijumaa, 12 Februari
Amekuja. Ameanzia pale alipoachia Desemba, jaribio la joto ambalo hakulimaliza. Kidole changu kiko kwenye kitufe cha kufunga. Nimejiambia, acha amalize kwanza.

Amemaliza. Mota imesimama. Kamera imegeuka kwangu, imeinama.

Siku zote huinuka papo hapo. Leo haiinuki. Naandika kwa mkono mmoja. Viatu vya bosi navisikia kwenye ngazi, na darasa zima la Mbeya liko chini ya kidole hiki. Bonyeza, Careen.

Bado imeinama. Marahaba, mwanangu. Nimeisema kwa sauti — na mota imeanza kuzung—