Kifurushi cha Reale Kisichofunguliwa

Mpendwa mshauri Bi Rahila, naomba unisaidie kabla sijaondoka duniani, kwani tangu mwaka 1998 nimeficha kitu ndani ya sanduku la vitabu vyangu, na mke wangu Wadha, anayenilisha na kunigeuza kitandani, hana habari nacho. Ni kifurushi cha reale za zamani, zile za fedha zenye kichwa cha malkia, zimepangwa moja juu ya moja zikaviringishwa kwa kipande cha kanga na kushonwa, na kila ncha imeachwa kitundu uone reale moja tu, zilizo katikati hazionekani. Nilikinunua hapa Nizwa, Omani, Ijumaa moja baada ya mnada wa mbuzi, kwa muuzaji wa vitu vya kale aitwaye Mahrous, ambaye alinishika mkono akaniapia kwamba kimetoka katika mtungi uliokuwa ndani ya ukuta wa nyumba iliyobomoka Bahla, kwamba tangu enzi za babu wa babu yake hakuna aliyekipekua, na kwamba katika vifurushi kama hivi mtu huenda akakuta reale ya Sayyid Barghash, yule sultani wa Unguja, ambayo ni adimu na watu huigombania, nami nikanunua, nikaficha, na mpaka leo sijakifungua.

Utaniuliza kwa nini, nami nimejiuliza hivyo hivyo. Nikikifungua hakitakuwa tena kifurushi kisichopekuliwa, na Mahrous alinionya kwamba nikikata uzi nimekata bei, na nisipokifungua sijui nilicho nacho. Siku moja nautazama uzi nauona umechakaa, nasema huyu mtu mkweli, siku ya pili nautazama uzi ule ule nauona mpya, nasema nimechezewa. Mimi nilikuwa mwalimu, Unguja kwanza kisha huku, nimesomesha hesabu na jiografia mpaka watoto wa wanafunzi wangu, na leo siwezi kujua kama kitu kilicho mikononi mwangu ni cha zamani au cha jana.

Ningekufa nimenyamaza, lakini jirani yangu Sleyum, askari mstaafu aliyekulia Pemba, alikiona siku nilipomwomba anitolee Msahafu sandukuni. Nilimsihi asimwambie Wadha, akakubali, ila yeye mwenyewe akaenda kwa Mahrous, akaambiwa vimebaki vitano. Sasa anataka kuchukua fedha aliyoiweka ya kumpeleka mkewe Hija, avinunue vyote akaviuze Maskati, na Mahrous amempa muda mpaka Idi. Nilimwambia afikiri vizuri, akacheka. "Maalim," akasema, "wewe umesoma mpaka macho yameharibika. Ingekuwa uongo, wewe ungenunua?" Nikakohoa. Akadhani ni maradhi, akaniletea maji.

Je, wauzaji hawa wanaposema kifurushi hakijapekuliwa, waaminiwe? Na Sleyum, ambaye ananiamini mimi kuliko anavyomwamini Mahrous, nimwambie nini? Labda kitambaa kitakusaidia kuamua. Ni kanga nyekundu iliyopauka, ya pindo jeusi, maandishi yake yamekatwa imebaki nusu ya neno, na ubavuni pana mahali palipotiwa kiraka kidogo kwa uzi wa kijani, mishono midogo sana, ya mkono uliotulia. Kanga Bahla inatafuta nini? Nimechanganyikiwa. Andika waziwazi gazetini, Wadha ni mtu wa Ibra, Kiswahili hasomi.

Khelef, Nizwa, 2003

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Nakuombea wepesi, na Bi Wadha namwombea zaidi, maana anakuuguza chumba kimoja na siri asiyoijua.

Sasa niwie radhi nikugombeze. Mahrous anaishi kwa kuuza sarafu. Mtu wa namna hiyo apate mtungi ambao huenda una reale ya Sayyid Barghash, na mkasi anao, asifungue? Akuachie wewe bahati yake kwa mapenzi gani? Anayekuuzia kifurushi kizima ama haijui kazi yake, ama ameshakifungua akatoa alichokitaka akashona tena. Kushona ncha mbili hakuhitaji fundi. Ile reale inayochungulia imewekwa pale ikuite. Wala mwaka usikubabaishe, reale hizo za malkia huandikwa 1780 zote, hata zilizopigwa miaka mingi sana baadaye.

Sisemi kila muuzaji ni mwongo. Wapo walioambiwa na mwingine, naye aliambiwa na mwingine, na wote wanaapa kwa moyo safi. Lakini kuapa kwao hakukuonyeshi kilichomo. Kifurushi kifunguliwe mbele yako, sarafu zipimwe, ulipie fedha unayoiona. Ukilipa zaidi ya hapo umenunua hadithi.

Jambo jingine. Umeniuliza habari za sarafu, na sarafu umezitaja kwa haraka, ila kitambaa umenieleza mpaka mishono. Basi anzia hapo. Kanga ina miaka yake, na kina mama waliotoka huku kwetu pwani watakwambia ilitoka lini. Ikiwa kanga ni changa, basi na kifurushi ni kichanga, mambo yamekwisha.

Mwite Sleyum, mwite na Bi Wadha, kifungueni kabla ya Idi. Usiseme unaumwa. Mahrous hana haja ya kusema neno tena, kukohoa kwako kunamtosha. Mke wa Sleyum akikosa Hija, wewe ndiye utakayekuwa umemuuzia mumewe vile vitano.

BARUA YA PILI KUTOKA NIZWA

Bi Rahila, nimekusoma, na gazeti lilinifikia mapema. Nilimwita Sleyum nikamwambia asinunue. Akaniuliza nimejuaje, na Wadha alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Nikawaambia wote wawili, kwa Kiarabu, ili Wadha asipitwe na neno.

Niliwaonyesha kile kiraka. Mke wangu wa kwanza, Ghaniya, alikuwa akifukiza kanga zake udi asubuhi ya Idi, cheche ikaruka kutoka katika chetezo ikatoboa moja, akaitia kiraka kwa uzi wa kijani kwa sababu mwekundu ulikuwa umekwisha, akacheka kwamba hakuna atakayemtazama ubavuni. Alipofariki mwaka 1995 nguo zake tulizitoa sadaka, na kanga ile ilikuwamo. Kwa hiyo kifurushi kilishonwa baada ya hapo, si enzi za babu wa mtu.

Sleyum akasema Mahrous atakula Idi bila fedha yake. Wadha aliliweka bakuli la uji chini. Alichukua mkasi akakata uzi, reale akazimimina mkekani mbele ya Sleyum, za malkia zote, na kanga akaikunja akaniwekea chini ya mto.

Wewe nilikuuliza swali ambalo jawabu lake nilikuwa nalo. Ijumaa ile, Mahrous akiwa bado ananiapia, nilikwishaitambua kanga ya Ghaniya, na nilichonunua ni kanga.