Wa Mkono Gani?

Karakana ya Meno,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Mashoto,

Hujambo huko mbali? Shemeji naye hajambo? Na huyo mwanao Kibogoyo, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na fizi? Najua ulipouona mwandiko wa bahasha ulidhani ni wa mtoto wa chekechea. Ni wangu. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, na sababu utaiona.

Mama yu mzima, ila sikio moja limegoma kabisa. Ukimsalimia leo anajibu habari za jana.

Mimi niliteleza kwenye ngazi za karakana, zile zile ulizokuwa ukinisihi niziwekee reli, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wamenifunga plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Usihangaike, siumwi sana. Kinachoniuma hasa ni kingine.

Fundi viatu wa hapo chini ameleta meno yake ya bandia, anasema yanamchoma. Jumanne nikaketi kwenye meza yako, nikawasha ile mashine ndogo ya kusugulia. Bado iko kwenye kile kishikio nilichokununulia, cha kuibana mezani ili fundi abaki na mikono yote miwili ya kazi. Nikayashika meno kwa kushoto. Ndugu yangu, sikumaliza dakika tano. Kishikio kinatazama upande mmoja tu, hakigeuki ng'o, na kikinga vumbi kimewekwa kwa ajili ya mtu wa kulia. Ikabidi nivushe mkono juu ya mashine, kiwiko kikawa kinagonga ukuta, unga wote ukanijaa machoni. Meno yakanitoka, yakaruka mpaka chini ya kabati.

Nilikaa pale pale nikalia. Wewe ulifanya kazi hivyo miezi minane.

Sijawahi kukueleza nilivyokichagua kishikio hicho. Zamani uliishika mashine mkononi kutwa nzima, jioni vidole vinatetemeka hata kikombe cha chai kinakushinda. Nikakuonea huruma, nikaenda duka la vifaa kimyakimya ili nikushangaze. Muuzaji akaniwekea viwili mezani. Kimoja kizito, cha kufungwa kwa bolti nne. Kingine chepesi, kinabana ukingo wa meza kwa skrubu na shingo yake inageuka kokote. Akaniuliza, "Huyo fundi wako ni wa mkono gani?"

Nami kwa maringo yangu nikamjibu, "Ana mkono mzuri huyo, hana mpinzani!"

Mzee wa watu akanitazama kidogo, bila shaka akaelewa ni wa kulia, kisha akanifungia kile kizito. Nikatoka dukani kifua mbele. Tangu utotoni nakuita Mashoto mara ishirini kwa siku, jina limenizoea mdomoni hata likaacha kuwa na maana.

Ulipokiona ulisema, "Asante dada, kizuri," ukaanza kazi. Sikuona ulivyokaa kiupandeupande. Niliona tu kazi zinaharibika na macho yako mekundu, nikadhani hulali vizuri.

Halafu ikaja siku ya meno ya yule mwalimu mstaafu. Yalipokuponyoka yakavunjika vipande viwili, nilimwambia mbele yako, "Nisamehe, mwalimu, huyu mkono wake umekufa siku hizi." Ulivua aproni, ukaikunja, ukaiweka juu ya kishikio. Wiki iliyofuata ukatuaga kwamba umepata kazi mbali, nami nikawatangazia watu kwamba mdogo wangu kapata maendeleo. Leo ni miaka mitatu.

Mwezi uliopita shemeji aliniambia kwenye simu kwamba hujagusa tena kazi ya meno. Unauza stempu dirishani, na mtu akiusifu mwandiko wako unamwambia mkono wako ulikufa. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana aseme. Maneno yale ni yangu, Mashoto, na yalikuwa uongo. Mkono wako haukufa. Ni mimi niliyeufungia mlango kwa bolti nne, kisha nikaulaumu kwa kutopita. Nisamehe. Ningekuuliza swali moja tu la yule mzee, leo ungekuwa umeketi hapa.

Jana seremala alikifungua kile kishikio kizito. Alitaka kuyaziba matundu ya mezani, nikamkatalia. Yakae niyaone.

Sikuombi urudi. Una nyumba na maisha yako huko. Lakini pamoja na barua hii utapokea boksi. Ndani yake mna mashine yako, na kishikio kipya, kile chepesi cha shingo inayogeuka. Kinabana hata meza ya jikoni.

Nisalimie sana shemeji. Kibogoyo mwambie mama mkubwa hatengenezi meno ya watoto, avumilie yake yaote. Mama anakuombea, kwa sauti kubwa maana hajisikii. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na mikono yako yote miwili.

Ni mimi dada yako, akupendaye na kujuta,
Dada Mkubwa

N.B. Ndani ya kitambaa cheupe mna meno ya fundi viatu. Amekubali kunywa supu mpaka uyarudishe. Aliniuliza anayepelekewa ni fundi gani, nikamwambia ni mtu mwenye mkono mzuri sana. Wa kushoto.