Mistari Kifuani mwa Adija

Jumatatu, 2 Agosti 1982

Mwanangu Kidawa kachora mgonjwa huko hospitali! Kwa mkono wake, mwalimu kasimama nyuma anatazama tu. Na mgonjwa mwenyewe ni Adija, mke mwenzangu. Wawili hao wameshuka leo adhuhuri hapa Kinjumbi na lori la Kornelio, vumbi mpaka kwenye kope.

Mwanangu anasoma Daressalaam kutibu watu kwa mionzi. Kilwa nzima hayupo mwingine — kama yupo, aje nimwone. Adija alikatwa ziwa la kushoto mwezi wa nne. Sasa kansa iliyobaki inapigwa kwa mashine. Vipindi kumi na tano tayari, bado kumi. Ngozi imeungua, imekuwa nyeusi kama chungu, ndiyo maana wamempumzisha nyumbani kidogo. Kifuani ana mistari ya zambarau, imenyooka utadhani ya rula. Mistari hiyo ndiyo inayoonyesha mionzi ipite wapi.

Marehemu Likwata alituacha wajane wawili, jiko moja. Hatujaligawa mpaka leo. Nitamuuguza mimi.

Jumanne, 3 Agosti

Leo nimefundishwa kazi. Nimeelewa yote mara moja — darasa la nne la mkoloni halikuwa mchezo.

Kunawa mikono kwanza. Mkono wa kushoto uwekewe mto wa sufi chini. Kila asubuhi Adija asimame, atambaze vidole ukutani kwenda juu, nami niweke alama ya mkaa pale alipofika. Palipochorwa pasiguswe na sabuni, wala mafuta ya nazi, wala jua.

Kisha Kidawa kanilaza mimi kitandani, eti ndiye mgonjwa. Kanifunua khanga bila kusema neno. Nikashtuka, nikaivuta. Akasema, umeona, mama? Na wewe ni mzima. Useme kwanza, ungoje akujibu, ufunue pale tu panapotakiwa. Hata Adija alicheka.

Mistari ikifutika ni lazima kupima upya, na kansa haingoji. Akichora mtu asiyejua, akakosea upana wa kidole tu, mionzi inapiga pafu.

Mwalimu wao, Sista Apolonia, atapita tarehe 19 na gari la Wizara akitokea Lindi. Kidawa atakuwa naye. Atamkagua Adija hapa hapa nyumbani, ampe Kidawa maksi za kumfundisha mgonjwa na wa kwao, kisha wamchukue mgonjwa kumalizia vipindi. Maksi! Basi hizo nishazipata.

Ijumaa, 6 Agosti

Kidawa kaondoka juzi. Mkaa umepanda vidole viwili. Adija kala samaki mzima. Alama zote zipo, nazikagua asubuhi na jioni. Nikimgeuza hata halalamiki. Kaniambia, bi mkubwa, una mikono ya nesi. Nami najua.

Jumapili, 8 Agosti

Wageni tele leo kumjulia hali mgonjwa. Wanawake sita wa UWT, na Abilahi, balozi wetu wa nyumba kumi, kasimama mlangoni kwa adabu. Wakauliza, huyo Kidawa anafanya nini hasa huko mjini? Maneno ya mdomo hayakutosha. Nikamfunua Adija kifua nikawaonyesha. Nikawaambia, tazameni, kazi ya mwanangu hii, mstari haujapinda hata mahali pamoja. Mmoja kashika kinywa. Abilahi kasema, mashaallah, kisha katazama chini.

Nimesifiwa sana.

Adija kageukia ukutani tangu saa kumi. Ugali hakuugusa. Labda ulikuwa mgumu.

Jumanne, 10 Agosti

Jana hakutambaza vidole. Kasema amechoka. Leo nikaenda Somanga kwa Hawabai dukani, nikapata kipande cha sabuni, na sabuni mwaka huu haionekani. Nikamwambia Adija, ya kuogea miguu, mama, na uso. Uchangamke. Nikaenda zangu kisimani.

Niliporudi alikuwa uani, amekaa juu ya kigoda. Dodoki mkononi. Maji ya beseni yalikuwa ya zambarau.

Kifua kitupu. Ngozi imechubuka, inatoa majimaji. Hakuna mstari hata mmoja.

Nilipiga kelele. Nikamwambia, umemharibia mwanangu. Sikuuliza hata kama anaumia. Yeye akajifunika taratibu. Akasema — haya naandika kama alivyosema — "Mwanao, mwanao. Kifua hiki cha nani? Ulinifunua mbele ya Abilahi kama nguo ya kuuza. Hukuniuliza. Nimefuta, ili usiwe na cha kuwaonyesha."

Jumatano, 11 Agosti

Nimepika uji. Hakunywa.

Alhamisi, 12 Agosti

Kanywa. Nilikaa chini, yeye kitandani. Nikamwomba radhi. Maneno hayakutoka vizuri, mimi sikuzoea. Kaweka bakuli la uji chini. Kisha kasema harudi hospitali. Kasema kule alivuliwa nguo siku kumi na tano, lakini Kidawa kila mara humwambia, mama mdogo, sasa nakufunua, naomba ruhusa. Alivumilia kwa ajili hiyo. Nyumbani kwake ndiko alikovuliwa bila ruhusa.

Nikalia. Nikamwambia usiporudi utakufa, Adija. Kasema anajua.

Alasiri nikaenda zahanati. Tabibu akanipa kichupa cha dawa ile ya zambarau ya kupaka vidonda. Nilimwambia ni ya mdomo wa mjukuu. Sina mjukuu.

Nikachonga kijiti, nikakizungushia pamba. Adija alipoona akaelewa. Katazama kichupa, katazama mimi. Kasema, chora basi, mtoto asiaibike mbele ya mwalimu wake. Akafungua khanga mwenyewe. Huyu niliyemfanyia vile!

Nikachovya. Nikainama. Mstari wa juu ulipita juu ya kovu — au ulilikata? Wa pembeni ulianzia chini ya kwapa, lakini chini kiasi gani? Mimi niliyeukagua mara mbili kila siku, nikauonyesha kijiji kizima, sikujua. Nilikuwa nautazama unavyonyooka tu. Tone moja likadondoka kwenye shuka.

Nikafunika kichupa. Nikamwambia siwezi, pafu ni lako. Maksi ni maksi tu. Hilo la mwisho lilinitoka kwa shida.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimemwandikia Kidawa. Barua tatu nilichana. Ya kwanza ilisema mistari imefutika yenyewe kwa jasho. Ya pili ilisema Adija kafuta. Ya nne ndiyo niliyompa Kornelio: Mimi nilimfunua Adija mbele ya watu, akaona haya, akaifuta mistari. Wewe ulinifundisha vizuri. Mwonyeshe mwalimu wako barua hii.

Kidonda nimekisafisha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu tu. Nilimwomba kwanza. Alisema, haya, safisha.

Jumatatu, 16 Agosti

Kidonda kimeanza kukauka. Vidole vimetambaa tena ukutani, havikufika alama ya mwisho. Tumeongea habari za mihogo. Za hospitali hatukuzitaja.

Jumanne, 17 Agosti

Kornelio kapita. Hakumkuta Kidawa. Barua kamwachia mlinzi wa bweni. Kwa hiyo sijui kama imefika. Labda mtoto yumo garini na Sista, anatabasamu, hajui kitu.

Kisha kaja Abilahi, kachangamka. Kijiji kimekubaliana kumpokea Kidawa barabarani. UWT na vigelegele, watoto wa shule na nyimbo, na yeye mwenyewe hotuba. Nikamwambia haina haja, balozi. Kacheka mpaka kakohoa. "Mama Kidawa leo anakataa kusifiwa? Basi unaumwa wewe, siyo Adija." Nikamwambia, siku ile nilikosea kumfunua Adija nawe upo mlangoni. Kicheko kikaisha. Kasema, mimi nilijua, shemeji, ila nilishindwa kukukataza. Lakini mapokezi yamekwisha tangazwa, hata kaka zake Adija wa Mitole wameitwa.

Jioni nimemuuliza Adija, utapanda gari? Kasema, "Namngoja huyo Sista. Akinifunua kama ulivyonifunua wewe, naondoka na kaka zangu." Akajilaza. Nimemwekea mto chini ya mkono.

Nguo zake nimezikunja, lakini sijazitia kapuni. Inabidi niseme kosa langu kabla watoto hawajaanza kuimba, Sista akiwa bado mlangoni mwa gari, na Kidawa anasikia. Leo nilijaribu peke yangu jikoni. Naanza vizuri, halafu najisikia namsifu mtoto.

Ni keshokutwa. Alhamisi, saa nne asubuhi, wanakuja wote.