Mashangazi wa Mbao

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya tatu kwenye kiwanda cha uchapaji, bado nafagia. Leo bosi kasema kliniki inataka bango la chanjo. Mimi nitengeneze moja, mpwa wake, tunayemwita Dizaina, atengeneze lake. Ijumaa muuguzi achague. Langu likipita, napewa meza ya kupanga herufi. Lisipopita, ufagio mpaka nizeeke.

Dizaina kacheka hadi kukohoa. Na acheke!

Nitatumia herufi za mbao za kabatini. Naziita Mashangazi. Nene, zimekanyaga chini, hazitikisiki. Mstari mmoja mnono, mwenzake mwembamba, na kila ncha ina kijiguu chake. Unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara bila kukunja uso.

Jumanne, 5 Machi

Nimeliona la Dizaina kwenye kompyuta. Mungu wangu! Vijiherufi vimelala upande kama vinaumwa, mikia imejisokota. Ati ya kisasa. Ati Mashangazi ni za matangazo ya vifo. Kichwani mna upepo mtupu. Mama aliyebeba mtoto atasimama juani kufumbua mikia?

Jumatano, 6 Machi

MAMA, LETA MTOTO APATE CHANJO.

A sita. Kabatini zipo nne! E zimejaa tele – waliozichonga hawakuiwaza lugha yetu hata dakika moja.

Dizaina kaja kuchungulia. Ati aniazime A za kompyuta yake, mama mtoto? Ashindwe! Kijiti kilichokonda katikati ya Mashangazi – aibu ya nani?

Alhamisi, 7 Machi

Mwanangu kalala ndani ya boksi la karatasi, nami nachezea V. Nikaigeuza kichwa chini. Loo! Unene umeangukia upande uleule wa A! Imekosa mkanda wa katikati tu. Nikagundisha kijiti cha kiberiti, nikakisugua kwa msasa mpaka kikalingana na uso wa herufi. Nikafanya na ya pili. Nikachapa. Tafuta ipi si A – huipati.

Nikambusu mwanangu unyayo. Nikamwachia doa la wino.

Ijumaa, 8 Machi

Muuguzi kabandika mabango yote mawili ukutani, kavuka barabara, kasoma langu kwa sauti. La Dizaina kauliza kama ni la harusi!

Kisha kauliza, nani kapanga haya manene? Bosi, bila haya, kamshika mpwa wake bega: "Kijana wetu huyu." Na Dizaina katabasamu! Mijitu mizima.

"Vizuri," muuguzi kasema. "Nipangie na la akina baba, nione mnavyofanya."

Kavuta kiti, kakaa.

Naandika kwa mkono mmoja, nanyonyesha. Herufi za mbao hupangwa kinyume, kama kwenye kioo, ndipo zichapike sawa. Dizaina hajui hata hilo. Anapanga kama anavyosoma. Jasho linamtoka. Kachapa: maneno yote kinyumenyume. Muuguzi kainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

Bosi ananikonyeza. Ananiita kwa vidole, kichinichini, nikamwokoe mpwa wake.

Mwanangu bado ananyonya. Namnong'oneza: taratibu, mama. Usije ukapaliwa.