Boliti Nene za Mjomba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia kukuomba ruhusa: nilikuahidi kuanza kazi katika gereji yako mara nitakaporudi, na sasa ninaomba unisubiri mwaka mmoja.

Jana, theluji ikianguka, nilitembelea karakana ya Jordbro, nje kidogo ya Stockholm huku Sweden, inayofufua magari ya mbio ya Kiitaliano. Alikuwepo mzee aliyewahi kuongoza wahandisi wa magari hayo huko Italia. Nilimwonyesha mchoro wangu wa mkono wa chuma unaoshika gurudumu la gari.

"Kijana, hili ni gari la mbio au lori la magogo? Boliti nene hivi za nini?"

"Nimelelewa gerejini kwa mjomba, Mzee. Kinachokatika njiani hurudi kwetu pamoja na matusi."

Alicheka hadi kahawa ikamwagikia mchoro. "Magari yetu yalikuwa mepesi, na mengi yalirudi yakivutwa kwa kamba." Kisha akanialika nikajifunze usanifu wa magari kwa mwaka mmoja katika ofisi yake, Italia.

Sitamjibu kabla ya kukusikia. Nawatakia nyote afya njema. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, nitakuwa nimerudi, niko mlangoni mwa gereji yako, nimevaa ovaroli, nikisubiri neno lako.

Mpwa wako,
Elisante